Chatu Asiyejua Juu ni Wapi

1

Sayi Gamaya alifika nyumbani Mwashilindi Jumamosi asubuhi, akamkuta mama yake akiwaonyesha wageni watoto wa chatu.

Wageni walikuwa saba, wametoka Kahama kwa kazi hiyo tu. Walikuwa wamejipanga mbele ya kioo kirefu cha banda. Upande wa pili wa kioo, watoto kumi na sita wa rangi ya shaba, wanang'aa kama sufuria mpya, walikuwa wameinua vichwa, na kila kichwa kilikuwa kinayumba: kulia, kushoto, halafu kinazunguka polepole mpaka kidevu kinatazama dari. Mama yake aligonga kioo kwa kidole, akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Wageni wakacheka kwa furaha, na mmoja wao akaanza kutikisa mabega.

"Mnaona?" mama akasema. "Hakuna aliyewafundisha. Hawa wamezaliwa na ngoma kichwani."

Sayi aliweka mkoba wake chini, akasubiri. Maneno yale aliyajua kabla hajajua kusoma. Serikali ilipopiga marufuku kukamata chatu wa porini, ngoma ya nyoka ilikaribia kufa. Makundi mengine yalifika mahali pa kucheza na kamba. Mama yake, Ngolo, wakati huo mjane mwenye mtoto mchanga mgongoni, akaomba kibali, akafuga chatu wawili waliookolewa kwenye moto wa nyika, akatotoa mayai yao. Mwaka wa nne akatoka mmoja wa rangi ya shaba, kichwa kinayumba. Ngolo akamwita Malunde. Sasa Malunde alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na uzao wake ulichezwa na makundi yote ya ngoma kutoka Magu mpaka Nzega. Picha yake ilikuwa imechorwa kwenye lango la stendi ya magari ya umeme, ukubwa wa nyumba.

Wageni walipoondoka, Sayi akapiga goti, akamsalimia mama yake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Umekonda! Hao wagonjwa wako wanakula chakula chako? Haya, nawa mikono, tuwalishe hawa kwanza."

Ngolo alifungua mlango wa kioo, akashika panya mdogo aliyekufa kwa koleo, akamning'iniza mbele ya mtoto mmoja. Chatu yule alirusha kichwa, akapita pembeni ya panya kwa upana wa kiganja. Akarusha tena, akagonga kioo. Mara ya tatu alipinduka mgongo chini, tumbo juu, akabaki hivyo hivyo kinywa wazi, anaitafuta sakafu kana kwamba chakula kiko huko. Ngolo akamshika kichwa taratibu kwa vidole viwili, akamwekea panya mdomoni.

"Huyu mchezaji kweli kweli," akasema kwa upendo. "Hana muda wa kula."

Sayi hakucheka. Wiki iliyopita tu, katika hospitali aliyofanyia kazi Mwanza, alimwona fundi mwashi mmoja akijaribu kunywa chai. Kikombe kilipita kando ya mdomo, kikapita tena, kisha mtu mzima yule akainamisha kichwa kwenye meza akalia. Homa ya Masikio ilipopita mikoa ya ziwa miaka tisa nyuma, iliacha watu elfu kadhaa wa namna hiyo, wasioweza kusimama wala kulenga. Kazi ya Sayi ilikuwa kuwavalisha mikanda ya mizani.

Ndani ya sikio la kila kiumbe mwenye uti wa mgongo mna mifereji ya maji na vijiwe vidogo kuliko chumvi, vimelala juu ya nywele laini. Ukiinama, vijiwe vinateleza, nywele zinapinda, na ubongo unajua ardhi iko wapi. Homa iliua zile nywele. Mkanda wa mizani ulivaliwa nyuma ya masikio, ukapima wenyewe juu na chini, ukaunong'oneza mshipa wa fahamu kile ambacho sikio limeshindwa kusema. Ulikuwa na mwenzake mdogo, mafundi waliuita punje kwa kuwa ulilingana na punje ya mtama. Punje ilibandikwa kichwani mwa mtu mwenye afya ili kusoma anachoambiwa na masikio yake, na aliyevaa mkanda akakisikia kilekile.

"Mayu, wameanza lini kukosa hivi?"

"Kukosa nini? Wa shaba wote ndivyo walivyo. Mbona wewe mwenyewe umekua nao."

Ilikuwa kweli. Alikua nao, akawaimbia. Miaka minane ya shule na kazi mjini ndiyo iliyomrudisha na macho mengine.

"Na wale wa kahawia?"

"Wa kahawia?" Mama alimtazama kama ameulizwa habari za maganda ya mayai. "Wako chumba cha nyuma. Nusu ya kila uzao hutoka kahawia. Nawagawia shule na makumbusho."

Sayi alifungua mkoba wake. Akabandika punje kwa tone la gundi ya hospitali kwenye kichwa cha yule mtoto aliyepinduka, akaketi sakafuni, akajivika mkanda.

Kabla hajavuta pumzi ya pili, sakafu ilisimama wima. Ukuta ukaja chini yake, ukapita, ukarudi kutoka upande mwingine. Alijua ameketi, akaona kabisa magoti yake yametulia, lakini alikuwa anaanguka, na kila aliposhika ardhi ardhi ilikuwa imehama. Alisikia sauti inalia "mayu, mayu," hakujua ni yake. Ngolo alimrukia, akaung'oa mkanda.

Sayi alitapika kwenye ndoo ya maji. Alipoweza kusimama, akaenda chumba cha nyuma akishika kuta, akamchukua mtoto mmoja wa kahawia, ndugu wa uzao mmoja na wale wa shaba, akabandika punje tena.

Safari hii palikuwa kimya. Kimya hicho kilikuwa na makali: alisikia kwamba sakafu ya banda inateremka kidogo kuelekea kwenye mfereji. Aliifagia sakafu ile utoto wake wote asijue kuwa haijalala sawa.

2

"Unavyosikia wewe sivyo anavyosikia yeye," Ngolo alisema. Walikuwa wamekaa uani, ugali umepoa mbele yao. "Wewe una miguu, Sayi. Wewe ukiyumba unaogopa kuanguka. Nyoka ataangukia wapi? Yuko chini tayari."

Mama yake hakusoma sayansi, lakini hakuwa mtu wa kubishana ovyo.

"Sijui anasikia nini, mayu. Najua anachoambiwa. Sikio lake linamwambia dunia inapinduka, na halinyamazi."

"Rangi na sikio, wapi na wapi?"

"Chatu akiwa bado yai, mgongoni mwake kuna chembechembe zinazoanza safari. Nyingine zinakwenda kwenye ngozi kupaka rangi. Nyingine zinakwenda kichwani kusaidia kujenga sikio. Ni mafundi wa kijiji kimoja, wanapokea amri moja. Malunde alipozaliwa, ile amri ilikuwa imebadilika. Wapaka rangi wakapaka shaba. Wajenzi wa sikio wakajenga mifereji iliyopinda."

"Basi warekebishe wajenzi, uwaache wapaka rangi."

"Wataalamu wamejaribu kwa nyoka wengine wa rangi. Amri ni ileile, mayu. Hakuna mahali pa kukata."

Ngolo aliinamia mikono yake. Alikuwa na vidole virefu vilivyojaa makovu madogo ya meno ya chatu, na sasa alikuwa anavipapasa kimoja kimoja.

"Wanakula," akasema. "Wanataga. Wanaishi miaka mingi. Mgonjwa gani huyo?"

"Tumuulize mwenyewe. Nikimpa Malunde mkanda, atajua juu ni wapi. Kama ile ni ngoma, ataendelea kucheza. Kama ni ugonjwa, ataacha."

Mama hakujibu siku hiyo, wala siku ya pili. Jumatatu alasiri alimkuta Sayi kisimani, akasema, "Njoo na vitu vyako," akatangulia.

Malunde alikuwa na urefu wa mita nne na nusu, mnene kama paja la mtu. Alikuwa na banda lake peke yake, lenye mchanga laini, bila gogo wala jiwe. Ngolo aliyatoa zamani kwa kuwa alijiumiza kila alipojaribu kupanda. Hajawahi kushika chakula mwenyewe. Kila wiki mbili Ngolo alimpakata kichwa, akamlisha kwa mkono huku anamwimbia.

Sayi alitumia mkanda wa mtoto mchanga, mdogo kuliko yote. Aliubandika nyuma ya taya, akafungua kishikwambi chake, akaanza kuupanga. Mshipa wa chatu si mshipa wa mtu; ilibidi apunguze nguvu, aongeze, asubiri. Kichwa cha Malunde kiliendelea kuzunguka. Jua lilihama kutoka dirisha la kwanza hadi la tatu. Ngolo alikaa kwenye mchanga, mgongo ukutani.

Kisha kichwa kikasimama.

Hakikupunguza mwendo kwanza. Kilisimama tu, kimenyooka, kama kichwa cha mtu aliyeitwa jina lake. Ulimi ukatoka, ukarudi. Malunde akashusha kidevu mpaka kikagusa mchanga, akakiinua, akakishusha tena, kana kwamba anahakikisha mchanga upo palepale alipouacha.

Ngolo aliinuka bila kelele. Akachukua kuku aliyechinjwa, akamshika kwa koleo, akanyoosha mkono wote, mbali, mahali ambapo Malunde hajawahi kufika bila kusaidiwa.

Chatu alimtazama yule kuku. Akakunja shingo. Akarusha.

Koleo lilitoka mkononi mwa Ngolo. Malunde alikuwa amempata kuku katikati ya kifua, barabara, na tayari alikuwa anamzungushia mwili, pete moja, mbili, tatu, kama chatu wote duniani wanavyofanya.

Sayi alipiga ukelele wa furaha. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, akageuka kumkumbatia mama yake. Ngolo hakuwa anacheka.

"Miaka ishirini na mitatu," alisema. "Miaka ishirini na mitatu anaomba msaada, na mimi nampigia makofi."

3

Habari zilimfikia Lubango kabla ya wiki kwisha. Lubango alikuwa kiongozi wa kundi la Mbiti na mwenyekiti wa umoja wa makundi ya ngoma, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza uwanja bila kipaza sauti. Aliwapenda chatu wa shaba kwa moyo wake wote. Alikuwa nao kumi na tisa, na kila mmoja alimjua kwa jina.

Alisimama mbele ya banda la Malunde, kofia mkononi, akimtazama anavyopita juu ya gogo ambalo Ngolo alilirudisha.

"Mama Sayi," akasema, "mwanao ametuokoa kabla hatujajua kama tunazama! Mikanda! Kila mtoto wa shaba akitoka kwenye yai, tunambandika mkanda wake. Rangi ileile, kichwa kimetulia. Majike arobaini tuwapandishe msimu huu huu. Nitaipeleka hoja hii kwenye kikao cha sikukuu ya mavuno, ipite."

Ngolo alimtazama binti yake. Sayi aliona usoni mwa mama kitu kilichomtisha: tumaini. Na akaona ajabu zaidi, kwamba tumaini hilo analo hata yeye. Mkuu wake wa hospitali alikuwa amemtumia ujumbe wa pongezi asubuhi ile. Hakuna mtu aliyewahi kumvalisha mkanda kiumbe asiye binadamu. Chatu wa shaba maelfu, kila mmoja na kifaa chenye jina la Sayi: nani asingetamani?

"Tutafikiri," Ngolo akasema.

Alhamisi ya wiki iliyofuata betri ya mkanda wa Malunde iliisha nguvu. Sayi alijua ingeisha. Ilikaa na chaji siku kumi. Alibandua mkanda saa nane mchana, akauchomeka ukutani, akamwambia mama kwamba ni suala la saa moja.

Hawakuwa wamefika mlangoni waliposikia kishindo.

Malunde alikuwa amejitupa ukutani. Zamani kichwa chake kiliyumba kwa utaratibu, mtu angeweza kukipigia ngoma. Sasa mwili mzima ulikuwa unajipindua, unajifunga fundo, unajifungua, unagonga gogo, unatafuta. Kabla ya mkanda hakujua kama juu ipo. Sasa alijua, na alikuwa amenyang'anywa.

Ngolo alivuka mchanga mbio, akapiga magoti, akakikamata kile kichwa kizito, akakikandamiza kifuani kwake.

"Rudisha," akamwambia Sayi. "Urudishe!"

"Hauna nguvu, mayu. Tuungoje."

Walingoja. Ngolo alikaa saa nzima na mikono imemzunguka chatu, na kila mwili ule ulipojaribu kujirusha alirushwa nao. Kanga ilimtoka begani. Damu ilimtoka kwenye kiwiko. Hakuimba. Sayi alimshikilia Malunde mkiani, akiiangalia taa nyekundu ya chaja ukutani, na mawazo ya kifaa chenye jina lake yakamwondoka moja moja.

Mkanda uliporudi mahali pake na kichwa kikatulia, mama yake alibaki vilevile amelala mchangani, anahema.

"Nikitotoa mayai ya hawa arobaini," alisema, "nitakuwa nimejua. Wale wa kwanza sikujua. Hawa nitakuwa nimejua."

Lubango aliporudi Jumamosi, Ngolo alimkaribisha kiti, akampa maji, akamwambia bila kuzunguka.

"Majike wa shaba sitawapandisha. Mwaka huu wala mwaka wowote. Walio hai wote watapata mikanda, wako na wangu, na Sayi atawatunza. Ila wengine hawazaliwi."

"Lakini tiba ipo!"

"Ni fimbo ya kipofu, Lubango. Ni fimbo nzuri, na aliye kipofu apewe. Lakini humtoboi mtoto macho kwa kuwa umechonga fimbo nzuri."

Lubango alikunja kofia yake mara mbili. "Rangi ile ikipotea hairudi tena, Mama Sayi."

"Najua. Mimi ndiye niliyeileta."

"Na ngoma? Watu wanakuja kwa sababu ya shaba. Utawaletea nini?"

Ngolo aliangalia mlango wa chumba cha nyuma. "Nitawaletea chatu."

Basi Lubango akasema watu waamue wenyewe, kama ilivyokuwa desturi. Siku ya mavuno makundi yao mawili yangepiga ngoma uwanja mmoja, wakati mmoja, na watu wangekwenda wanakotaka. Kundi litakalobaki na watu ndilo litakalosikilizwa kikaoni. Ngolo akakubali.

Zilibaki wiki tano. Ngolo alimchagua jike mmoja wa kahawia wa miaka sita, mwenye urefu wa mita mbili na nusu, ambaye hakuwa na jina. Alikata fimbo ya mpingo, ndefu kuliko yeye, akaanza kwenda naye nyuma ya banda kila asubuhi. Akiwa msichana, kabla ya sheria, alikuwa amejifunza kucheza fimbo na chatu wa porini. Ngoma hiyo ilipotea chatu wa shaba walipoingia, kwa kuwa hakuna wa shaba aliyeweza kupanda kitu chochote kilichosimama.

Sayi naye alikuwa na kazi yake. Alikwenda kwa Lubango na mikanda kumi na tisa aliyotumiwa na mkuu wake wa hospitali, akakaa siku nne akiipanga, chatu mmoja baada ya mwingine. Wapiga ngoma wa kundi la mama yake, kundi la Nzila, walimlaumu usoni.

"Ungengoja sikukuu ipite," walisema. "Unawatuliza chatu wao ili watushinde?"

"Mgonjwa hangoji sikukuu," Sayi akajibu, akaendelea na kazi yake.

4

Siku ya mavuno ngoma za Mbiti zilianza kulia jua likiwa bado halijawa kali, na watu wote walikuwa kwao.

Hawakuwa na kosa. Chatu wa shaba kumi na tisa walikuwa mabegani mwa wachezaji kumi na tisa, wamepakwa mafuta, wanawaka juani, na kwa mara ya kwanza vichwa vyao vimetulia kama vya wafalme. Watu walikuwa safu kumi. Waliokosa nafasi walipanda juu ya magari.

Upande wa Nzila walikuwepo watu labda thelathini, wengi wao ndugu wa wapiga ngoma. Ngolo aliingia uwanjani miguu mitupu, miaka sitini na mitatu, chatu wa kahawia amemzunguka kiuno. Kijana mmoja akapaza sauti: "Mama Sayi kaja na kamba ya kufungia ng'ombe!" Watu wakacheka. Sayi alibaki amesimama karibu na ngoma kubwa.

Ngolo alisimamisha fimbo. Akaigonga chini mara tatu, na wapiga ngoma wakashusha mapigo mpaka ikabaki ngoma moja.

Chatu aliachia kiuno cha Ngolo. Akanyoosha shingo, akaigusa fimbo kwa ulimi, akaanza kupanda. Hakuharakisha. Pete moja juu ya nyingine, akapita mikono ya Ngolo, akapita kichwa chake, akafika ncha. Pale juu, ambapo hapakuwa tena na kitu cha kushika, akajiinua hewani, theluthi nzima ya mwili wake, wima, kichwa kimelala sawasawa kama maji kwenye bakuli.

Ngolo akaanza kugeuka.

Aligeuka polepole, fimbo imesimama mikononi. Chatu hakugeuka naye. Mwili ulijisokota kwenye fimbo, lakini kichwa kilibaki kinatazama mashariki, pale pale, kama kimepigiliwa msumari angani. Ngolo akaongeza mwendo. Ngoma zikamfuata. Akageukia upande wa pili, akapiga goti, akainuka, akaipeleka fimbo kulia na kushoto, vumbi likapanda mpaka magotini, na juu ya yote hayo kile kichwa cha kahawia hakikutikisika.

"Fimbo!" Bibi mmoja mwenye kilemba alikuwa amesimama juu ya kiti chake cha kukunja, upande wa Mbiti, amewapa mgongo chatu wa shaba. "Amepanda fimbo! Jamani, amepanda fimbo!"

Akapiga kigelegele. Akajibiwa na mwingine, na mwingine, wanawake wa umri wake waliokuwa wamekaa kimya miaka karibu thelathini. Kisha wakaanza kutembea. Wajukuu wakawafuata kuona bibi zao wanakimbilia nini. Waliokuwa juu ya magari waliona kwanza, wakaruka chini. Uwanja mzima ukainama upande mmoja, watu wakimiminika kama mtama unapofunguliwa gunia, na dakika chache baadaye Sayi hakuweza kuuona mwisho wao.

Kwa Mbiti walibaki wachezaji na wapiga ngoma. Lubango hakukata tamaa. Alimchukua chatu wake mzuri kuliko wote, akasimamisha mkuki, akamweka. Chatu yule wa shaba alijitahidi. Mkanda ulimwambia juu ni wapi, naye akataka kwenda, lakini mwili wake haukuwahi kupanda tangu azaliwe, wala shingo haikuwa na nguvu hiyo. Pete mbili, akateleza. Pete moja, akateleza. Lubango alimdaka kabla hajaanguka, akampakata, akabaki amesimama hivyo. Baadaye wapiga ngoma wake walisema yeye ndiye aliyewapa ishara ya kunyamaza.

Alivuka uwanja na chatu wake kifuani. Watu wakampisha. Ngolo alikuwa amesimama, jasho linamtiririka, chatu wa kahawia amemshukia mabegani.

Lubango alimgeukia Sayi. "Nimesikia unaweza kumfanya mtu asikie wanachosikia. Nivike."

"Mzee, si jambo jepesi."

"Nivike, binti yangu. Na huyu mtoe mkanda kidogo. Nataka kusikia chake, si cha mwingine."

Akaketi kwenye majani. Sayi alimtoa chatu mkanda, akambandika punje, akamvika Lubango. Kichwa cha chatu kikaanza kujirusha. Macho ya Lubango yakafunguka kupita kiasi. Alishika majani kwa mikono yote miwili, akayang'oa, akashika mengine. Watu mia kadhaa walimwona mwenyekiti wao, mtu wa kilo mia moja, akilalia ubavu na kuikumbatia ardhi. Sayi alinyoosha mkono kumvua. Lubango akatikisa kichwa. Alivumilia pumzi nyingine tatu, kisha akajivua mwenyewe.

"Mrudishie mkanda wake," alisema kwanza. "Haraka."

Sayi alifanya hivyo. Lubango alimpapasa chatu wake shingoni mpaka alipotulia.

"Hawa kumi na tisa wangu itakuwaje?"

"Wataishi," Sayi akasema. "Mikanda yao iko juu yangu, miwili miwili kila mmoja ili wasikae bila chaji, mpaka wa mwisho afe kwa uzee. Ila hawatazaa."

Lubango alisimama, majani yamemganda shavuni. Kipaza sauti kililetwa, akakikataa.

"Umoja hautatotoa shaba tena!" Sauti yake ilifika barabarani. "Anayepinga aje avae mkanda huu kwanza, kisha tuzungumze!"

Hakuna aliyekwenda. Kelele zilizofuata ziliwashtua ng'ombe machungani. Bibi wa kilemba alishamnyang'anya mpiga ngoma mmoja vijiti vyake, na wachezaji wa Mbiti, wakiwa wamewalaza chatu wao kivulini kwenye vikapu, walikuwa wanaingia mduara mmoja na wale wa Nzila. Vijana wanne walimzingira Ngolo wakitaka kujua chumba cha nyuma kimebaki na wangapi. Walikuwa sitini na watatu, na kabla ya adhuhuri wote walikuwa na makundi ya kwenda.

Katibu wa umoja, mwanamke mdogo mwenye miwani, alipenya na kishikwambi chake mpaka alipo Ngolo. Kila chatu wa ngoma alipaswa kuandikishwa, na karatasi ilikuwa na nafasi zake.

"Jina, mama?"

Ngolo alifikiri. "Andika Nyanzobe."

"Jike. Miaka sita. Na rangi? Hapa kuna shaba, dhahabu, shaba nyeusi... Huyu niandike rangi gani?"

Ngolo alimwinua Nyanzobe begani ili watu wa nyuma nao waone, akaanza kurudi katikati ya mduara.

"Andika rangi ya chatu," akasema.